Mluzi wa Kichakani

Jumatatu, 7 Aprili

Sijawahi kumwambia mtu: mimi hupiga mluzi.

Nimeandika na mkono haujakauka.

Nilipokuwa darasa la tatu Shosho, nyanya yangu, alinipiga mdomoni na mwiko kwa sababu ya mluzi. Mwiko ulikuwa bado na ugali. Alisema mdomo wa msichana si filimbi. Akasema msichana akipiga mluzi anaita nyoka, na nyoka akifika haulizi ni nani aliyemwita. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba hii aliyenisikia. Wanadhani niliacha. Sikuacha, nilihama tu.

Nimefunga shule Ijumaa na leo nimerudia ratiba yangu ya likizo kana kwamba sikuwahi kuondoka. Baba na Mama wanatoka kukiwa bado giza kwenda kufungua duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mwangi, kaka yangu, halali, huzimia. Shosho anaanza na maombi yake chumbani. Hapo mimi navaa gambuti na kuteremka shambani mpaka chini kabisa, kwa kichaka.

Kila mtu anakiita kichaka lakini ni msitu. Kipande tu, kilichobaki kando ya kijito. Miti ya kienyeji, mizabibu mwitu, giza hata mchana, na chini majani yaliyooza mpaka yakawa laini kama godoro. Shosho anasema zamani ulipanda mpaka barabara ya Ainabkoi. Sasa umebaki huo mkia.

Humo anaishi Mpekuzi.

Jina nimempa mimi. Ni ndege wa chini. Kifua rangi ya chungwa, mgongo wa udongo, duara jeupe kuzunguka jicho, madoa meupe bawani. Anaweza kuruka lakini hapendi. Anatembea hatua chache, anasimama, anashika jani kwa mdomo, analitupa kando na kuangalia chini yake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akipata mnyoo anaumeza na kuendelea na jani lingine. Akisikia mtu, hakimbii. Anasimama tu nyuma ya shina, na rangi yake yote inakuwa kivuli. Unaweza kumpita karibu hivyo na usijue.

Kitabu cha maktaba ya shule kinampa jina refu la Kiingereza lenye Abyssinia ndani. Jina lake la Kiswahili sijalipata. Kwa Shosho kila kitu kidogo chenye mbawa ni kanyoni, basi.

Nikipiga mluzi wake, ananijibu. Hicho ndicho kitu kimoja ninachokijua vizuri kuliko mtu yeyote Eldoret nzima. Naandika hivyo bila aibu kwa sababu hakuna anayesoma.

Slipa za Mwangi kwa koridoo. Daftari chini ya godoro.


Jumatano, 9 Aprili

Mbegu zimefukuliwa. Mistari ya chini, ile inayopakana na kichaka. Baba alirudi mapema kutoka dukani akateremka kuangalia kama mahindi yameanza kutoboa. Hakukuta mahindi. Alikuta vishimo.

Alikula githeri yote bila neno. Baba akinyamaza hivyo huwa ameshaamua nusu.

Mwangi ndiye aliyelitamka. "Ni hao ndege wa hiyo forest. Si mnawasikia asubuhi? Wanaitana chai."

Wanayemsikia asubuhi, mara nyingine ni mimi. Nilimeza punje ya mahindi nzima.

Shosho akasema labda ni kindi. Alisema haraka, halafu akainuka kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Hakuna aliyetaja kuku. Kwetu huwezi. Upande huu, wiki za kupanda, kila boma hufungia kuku bandani mpaka mahindi yafike magotini. Kuku akipatikana kwa shamba wiki hizo, hana mwenyewe. Aliyemkuta anamchukua na hakuna kesi. Na anayelinda sheria hiyo kuliko chifu ni Shosho. Mwaka jana alivuka kijito na fimbo yake kwenda kumwambia Mzee Koech, jirani yetu wa ng'ambo, kwamba kuku wake wanatembea kwetu kama watalii. Alirudi na jogoo wake chini ya kwapa. Tulimla Jumapili. Mzee Koech hajasahau, kila akituona anauliza kama alikuwa mtamu.

Kwa hivyo ni ndege. Wameamua.

Nilitaka kusema Mpekuzi hali mahindi. Anakula minyoo, mende, na matunda yaliyoanguka. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, kwa lugha mbili. Sikuisema. Nimejikasirikia mwenyewe.


Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudishia mbegu. Wote, hata Mama, ambaye alifunga duka mapema. Mvua ilitushika katikati na hatukuacha. Mwangi ana malengelenge na anayaonyesha watu kama medali.

Tukiwa tunafunga mistari ya mwisho Baba alisimama akaangalia kichaka. Muda mrefu. Akasema hizi zikifukuliwa tena, kile kichaka kinaenda. Chote. Ndege watafute kwao. Na pale chini patakuwa pazuri kwa viazi, udongo mweusi, maji karibu. Akamwambia Mwangi sehemu hiyo itakuwa yake.

Mwangi anangoja kuingia chuo huko Chepkoilel na hajawahi kuwa na kitu chake isipokuwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ungeona uso wake. Usiku huu huu, kichwani, ameshapanda, ameshavuna, ameshapeleka gunia soko la Soy. Siwezi hata kumchukia vizuri.

Kesho sitapiga mluzi. Acha wasisikie kitu chochote kutoka huko chini.


Jumatatu, 14 Aprili

Zimefukuliwa tena.

Baba hakupaza sauti. Alimpigia Mzee Koech simu tukiwa tumesimama hapo hapo shambani, akamwomba aje na pawa yake Jumamosi. Mzee Koech ana ule msumeno wa injini, ndiye anayekatia watu wote miti upande huu. Walikubaliana kwa maneno machache. Neno la Baba halina mlango wa nyuma.

Na leo leo nimeona kiota.

Nilikuwa nimekaa chini ya mti wangu nikilia, niseme tu ukweli, nalia kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Nikamwona Mpekuzi na mnyoo mdomoni. Hakuumeza. Akaruka kidogo tu, urefu wa mtu, kwenye panda ya mti mdogo penye kuvu ya kijani. Pale nilikuwa nimepaangalia mara mia na kuona kuvu tu. Kumbe kuvu hiyo ina umbo la bakuli. Ndani yake alikuwa amekaa mwenzake, ametulia, jicho la miwani likinitazama moja kwa moja. Akapewa mnyoo. Akala. Mpekuzi akarudi chini kazini.

Aliposogea kidogo niliona ukingo wa yai. Buluu inayoelekea kijani.

Yule aliyelalia alijua nipo. Hakuondoka. Watu husema ndege wa namna hii ni waoga. Si kweli. Wana aibu, na aibu na woga ni vitu viwili. Mwoga angeacha mayai.

Mti wa kiota ni mwembamba. Pawa haitahitaji hata pumzi moja.


Jumanne, 15 Aprili

Nimejua. Natamani nisingejua.

Niliingia kichakani mapema kuliko kawaida, kabla Mpekuzi hajaanza kuimba. Nikasikia kuparua. Mlio wa jani moja kutupwa naujua. Huu ulikuwa wa miguu, wa nguvu, na ulitoka shambani. Nikachungulia kati ya majani.

Kuku wetu. Wote. Yule mwekundu ambaye Shosho anamwita Malkia akiwa mbele, wengine nyuma yake, wameinama kwenye mistari yetu kama watu wa kibarua wanaolipwa kwa kipande.

Na juu kidogo, pale mteremko unapoficha nyumba, Shosho. Shuka begani, fimbo, kopo mkononi. Hakuwa anawafukuza. Alikuwa anawangoja. Alikuwa anawaongelesha. Nilisikia, "Kuleni hewa kidogo, mama zangu, kabla huyo Mwangi hajaamka." Halafu akatikisa kopo la punje na wote wakamkimbilia. Wakapanda naye nyumbani kwa utaratibu kama watoto wa Sunday school.

Macho ya Shosho yana ukungu siku hizi. Sijui kama anaona wanachokula. Anajua kwamba anawafungulia, hilo najua kwamba anajua.

Sasa niko hivi. Nikisema ni kuku, nimesema ni Shosho. Komeo la banda ni lake, hakuna mwingine anayeligusa. Mwanamke aliyevuka kijito kumnyang'anya mtu jogoo. Itafika kwa Mzee Koech kabla chai haijachemka, itafika kanisani. Na Shosho ndiye aliyenilea Mama akiwa dukani. Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipokuwa na kifua.

Nisiposema, Jumamosi.


Alhamisi, 17 Aprili

Nilimwambia yeye mwenyewe. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Tulikuwa jikoni tunamenya viazi, sisi wawili tu. Nikasema, "Shosho, kuku wanatoka asubuhi."

Hakuacha kumenya. "Kuku wa nani?"

"Wetu."

"Na nani amewaona?"

Hapo alinishika. Aliyewaona lazima awe alikuwa pale chini, na mimi huwa siko pale chini. Mimi huwa nimelala.

Akachukua kiazi kingine. "Kuna kanyoni huko kwa kichaka," akasema, "kanaimba vizuri sana likizo hii. Kanaimba, kanaimba, halafu kanapenga kamasi. Mimi nimezeeka lakini sijawahi kusikia ndege akipenga kamasi."

Uso ulinichemka. Anajua. Labda amejua miaka yote.

"Kuku aliyefungiwa hatagi," akasema. "Anakaa anajinyonyoa. Umewahi kuwaangalia? Nawatoa wanyooshe miguu. Wanakula wadudu tu."

"Wanakula mbegu, Shosho. Nimewaona."

Kisu kikasimama. Kidogo tu. Halafu kikaendelea.

"Sikiza, kairitu, msichana wangu. Mimi sikusikia mluzi. Na wewe hukuona kuku. Hivyo tunakula Pasaka vizuri sisi wote."

"Na kichaka?"

"Kichaka ni miti. Miti huota."

Yeye alichukua kimya changu kama ndiyo. Watu wamekuwa wakichukua kimya changu kama ndiyo tangu nizaliwe. Akanipa kile kiazi kikubwa, cha kuchoma kwenye majivu, kama zamani. Nikakila. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napanga.

Mapatano ya Shosho yana nusu mbili. Nusu moja ni yake na siwezi kuitoa, si yangu. Lakini hii nyingine ni yangu kabisa. Nikiitoa, hakuna tena cha kubadilishana. Atabaki na siri yake mkononi, peke yake, na atajua la kufanya nayo.

Nilikuwa na uhakika. Bado nina uhakika. Ila niandike ilivyokwenda.

Chakula cha jioni. Wote mezani. Nikasema, "Mimi hupiga mluzi."

Kijiko cha Mama kilisimama njiani. Mwangi akasema, "Hiyo ndiyo habari? Mimi hukoroma."

Nikaendelea kabla sauti haijanikimbia. Kwamba kila asubuhi ya likizo niko kichakani. Kwamba ndege mnayemsikia ni mmoja na mwenzake, na mara nyingine ni mimi. Kwamba hawali mahindi, wanageuza majani wakitafuta minyoo. Kwamba wana mayai kwenye mti mdogo karibu na kijito. Nadhani hayo ni maneno mengi kuliko niliyosema mezani mwaka mzima. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, nimeikalia.

Mama akasema, "Ciru, peke yako huko chini? Kwa giza?" Mwangi akaniangalia kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba yao.

Baba akauliza swali moja tu. "Na mbegu anafukua nani?"

Niliangalia sahani yangu. Niliangalia sana. Ilikuwa na ufa mdogo pembeni. Sikumwangalia Shosho, niliapa sitamwangalia.

"Sasa unaona," Baba akasema, si kwa ubaya. "Kesho inabaki kesho."

"Na chai inapoa," akasema Shosho. Akamjazia Baba kikombe. Alijaza mpaka ikamwagika kwenye kitambaa, na akaendelea kumimina.

Nimetoa nusu yangu. Haikutosha. Siichukui tena.


Jumamosi, 19 Aprili

Ni jioni na mkono wangu unauma kwa kubeba waya, nitaeleza. Kwanza asubuhi.

Mzee Koech alivuka kijito mapema, gambuti nyeupe, pawa begani. Alimsalimia Shosho mlangoni, "Chamgei, Mama," kama kila siku. Shosho akaitikia lakini hakumwangalia. Mzee Koech akauliza kama yule jogoo wake wa mwaka jana alikuwa mtamu. Shosho akaingia ndani.

Nilimfuata Baba mpaka kwa mstari wa mwisho wa shamba. Nikasema, "Baba, njoo umwone kwanza. Ukishamwona, ukate."

Sikumbuki mara ya mwisho nilimwomba Baba kitu bila kupitia kwa Mama. Yeye pia hakukumbuka, niliona. Akamgeukia Mzee Koech akamwambia tungoje kidogo. Tukaingia wote wanne, Mwangi akiwa nyuma. Nikawaonyesha pa kukaa. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Nikawaambia wasisogeze miguu.

Halafu ilibidi nipige mluzi mbele ya baba yangu.

Mara ya kwanza ilitoka hewa tupu. Mwangi akaguna. Nikalamba midomo. Mara ya pili ulitoka, mdogo, umepinda. Mara ya tatu ulitoka wenyewe kabisa, ule wa kupanda na kushuka na kumalizia juu. Kimya. Tone la maji likaanguka kwenye jani. Kimya. Nikafikiria basi, tumejaa sana humu, tunanuka mafuta ya pawa, nimeshindwa.

Akajibu.

Karibu. Karibu zaidi ya nilivyodhani. Mzee Koech akanong'ona, "Huyu yuko hata kwangu. Miaka yote namsikia na sijui anakaa wapi." Nikaonyesha kwa kidevu. Mpekuzi alikuwa nyuma ya shina, kivuli. Halafu kivuli kikapiga hatua na kifua cha chungwa kikatokea. Akatuangalia. Akaamua sisi si kitu. Akashika jani, akalitupa. Lingine, akalitupa.

Baba aliangalia kwa muda mrefu. Baba wa kupima misumari na kukata bati, anajua kuangalia vitu vinavyofanya kazi. Akasema polepole, "Anatumia mdomo tu."

"Ndiyo."

"Miguu haigusi."

"Haigusi."

Akainuka bila haraka, akatoka nje kwa shamba, akachuchumaa kwenye kishimo. Aliweka kidole kwenye mikwaruzo. Vidole vitatu mbele, udongo umetupwa nyuma. Mtu yeyote aliyefuga kuku anajua alama hiyo. Nilimwona akiijua. Nilimwona pia akigeuza kichwa kuangalia nyumba, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikutaka kukiona, uso wa mtu anayetafuta njia ya kutouliza.

Hakuhitaji kuuliza. Tulisikia kopo.

Shosho alikuwa anashuka, mchana kweupe, mbele ya watu wote, na kuku wote nyuma yake. Hakuvaa ile shuka ya asubuhi. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Alipofika mwisho wa nyasi akaacha kutikisa kopo, akasogea kando. Kuku wakampita. Hawakusita, walienda moja kwa moja kwenye mistari yetu kama watu wanaorudi kwa shamba lao, Malkia mbele, wakaanza kuparua.

"Mnatafuta mwizi," Shosho akasema. "Nimewaletea wote. Chagueni."

Mwangi alifungua mdomo na Baba akamwangalia akaufunga.

"Nilifikiri ni wadudu," akamwambia Baba. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Wiki hii nilijua. Mtoto aliniambia."

Ni Mzee Koech aliyetuokoa. Aliweka pawa chini, akavua kofia. "Mama," akasema, "kuna ile sheria. Ya kuku akipatikana kwa shamba."

"Naijua. Ni yangu."

"Basi mimi nimewakuta."

"Umewakuta. Lakini Malkia usimguse, anataga. Chukua jogoo."

"Mimi nilichukuliwa jogoo. Hata sikuwa naomba kuku mwingine yeyote."

Ilibidi sisi wote tumkimbize yule jogoo, hata Baba, na shati lake la duka. Mwangi ndiye aliyemshika, akaanguka naye kwenye matope. Shosho alicheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mbegu zifukuliwe.

Mzee Koech alivuka kijito na pawa kwenye bega moja na jogoo wetu chini ya kwapa. Akageuka katikati ya maji akasema kama atakuwa mtamu atatuma habari.

"Na viazi vyangu?" Mwangi akauliza.

"Kichaka kikae," Baba akasema. Maneno mawili. Halafu akamwambia Mwangi kuna pembe ya juu kando ya tangi, ailime hiyo, lakini kwanza aweke ua wa waya wa kuku, wapate pa kukanyaga bila kufika shambani. Ndiyo maana mkono unauma. Mchana wote mimi na Mwangi tumevuta waya. Aliniuliza kama naweza kumfundisha ule mluzi. Nikamwambia pua yake ni kubwa mno. Akanirushia matope. Tumepatana.


Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua tangu asubuhi, ya kunyonyota. Baba na Mama hawakufungua duka. Tumepanda mistari ya chini mara ya tatu, Baba anasema mara ya tatu udongo huona haya.

Nilienda kichakani na nikaenda kwa njia ya mbele, nikiwa nimeaga. Mama alinipa mwavuli. Mwavuli kichakani ni kituko, niliuacha kwenye nyasi. Yule wa kiotani amelalia bado, maji yanateleza mgongoni mwake na hajali. Mpekuzi alikuwa kazini. Sikupiga mluzi. Nilikaa tu.

Shosho hajaniambia kitu tangu Jumamosi, kizuri wala kibaya. Sikumwomba msamaha kwa sababu sikumkosea. Lakini niliumia kumwona jana kanisani amekaa pembeni, na baada ya ibada Mzee Koech akiwaambia watu kwenye geti kwamba supu ilikuwa safi. Walicheka. Shosho aliinua fimbo akasema mwaka ujao atakuja kuchukua mbuzi. Wakacheka zaidi. Nadhani aibu ya Shosho imeishia hapo. Alikuwa amesimama wima kabisa.

Leo mchana mvua ilikatika kidogo, nilikuwa naanika nguo nikasikia sauti kutoka kwa ua mpya wa kuku. Hewa nyingi kuliko mlio. Ikakatika, ikaanza tena. Niliweka kichwa kwenye kona. Shosho, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Malkia miguuni pake, midomo ameikunja mbele, anapuliza mahali jino lilikuwa. Anajaribu ule wa kupanda na kushuka. Hata kushuka hakufika.

Nilirudi kwa kamba bila kelele. Mtu akiwa na kitu chake anachojifunza, unamwacha.

Sasa ni jioni, sijawasha taa, kuna mwanga wa kutosha dirishani. Nasikia fimbo yake kwa koridoo. Shosho anasoma Kiswahili vizuri, hata kwa macho yale ya ukungu, akisogeza karatasi mpaka puani. Fimbo imepita mlango wa Mwangi. Inakuja polepole, na kati ya hatua na hatua kuna hewa, ile ile, inatafuta sauti.

Godoro liko pale. Mkono wangu hauendi.

Ukurasa uko wazi. Acha ukae.